Kisanduku cha Saba

Saa kumi na mbili na robo, gati ya Mokowe.
Nina ubao wa kuandikia, kalamu mbili, moja imegoma,
na fomu ya kurasa nne kutoka idara ya uchukuzi:
Tathmini ya Uendelevu wa Usafiri wa Umma.

Kisanduku cha kwanza: mafuta kwa kila safari.
Nahodha Bahero anaifunua mashine, anainusa kwanza.
"Yeo lita kumi na mbili. Jana kumi na tisa,
maji yalikuwa dhidi yetu. Utaandika lipi?"
Nikaandika kumi na tano na nusu.
Jibu la mwalimu wa hesabu, si la bahari.

Cha pili, moshi. Cha tatu, kelele.
Cha nne: nauli, na nani anaikosa.
Kijana mwenye begi la chuo anahesabu sarafu
kwa kidole, bila kuzitoa mfukoni.

Cha tano: je, mgonjwa, mjamzito, mlemavu wanafika?
Ngazi ya gati ina vidato kumi na vinne.
Siku za bamvua, maji yakipwa, unavishuka vyote,
na cha kumi na moja kimemeguka tangu mvua za mwaka juzi.
Bi Khuleita huvuka mara tatu kwa wiki kwenda kusafishwa damu.
Hushuka kwa makalio, kidato baada ya kidato,
buibui kalikusanya mapajani kama mzigo wa mtu mwingine,
na gati nzima hugeuka kuangalia mikoko.
Adabu hiyo haina kisanduku.

Niseme tu.
Miaka mitatu nyuma niliipima boti ya betri
iliyoletwa na mradi, nyeupe, kimya kama jino jipya.
Niliipa tisini na mbili kwa mia.
Tukapigwa picha; mimi wa tatu kutoka kushoto, nacheka.
Fundi aliyeijua alikuwa mmoja, akahamia Mombasa.
Spea ikasubiriwa, kisha ikasubiriwa kwa mazoea.
Sasa iko nyuma ya ghala la simsim,
kuku wa mlinzi wanatagia sanduku la betri.
Mayai manne asubuhi hii. Nimehesabu,
kazi yangu ni kuhesabu.

Cha saba ndicho kipana kuliko vyote:
Je, huduma hii itakuwepo miaka ishirini ijayo?
Nikamuuliza Bahero. Bahero akamuuliza Fumo,
utingo wake, miaka kumi na tisa.
Fumo akauliza kama idara nayo itakuwepo.

Bi Khuleita keshakaa, anapangusa viganja.
"Andika ngazi," akasema, bila ukali,
kama anayemkumbusha mpishi chumvi.

Nikaandika: kidato cha kumi na moja.
Saruji mifuko mitatu. Bomba la kushikia.
Nikatia sahihi kwa kalamu iliyokubali.

Siku ya tisa fomu ilirudishwa:
jibu la kisanduku cha saba liwe kwa asilimia.

Basi niko hapa tena, na maji yamekupwa.
Kidato kimoja katika kumi na vinne:
asilimia saba, na kitu.
"Unapima au unavuka?" Bahero anauliza,
mkono uko kwenye kamba ya mashine.

Nimeuweka ubao kwapani. Haukai.
Nikampa Fumo aushike,
nikaketi kidato cha kumi,
nikakusanya buibui langu.
Gati nzima ikageuka kuangalia mikoko.