Mwaka wa Nzige

Nilimchotea maji Tusajigwe, keekee isiungue,
pale Kiwira inapopita chini ya jiwe.
Kabla ya kung'oa kipande alikichorea mshale:
kaskazini, hii ya leo.

"Lilikuwa uji wa moto," akasema.
"Lilipopoa, chembe za chuma zikatazama
kaskazini ya siku ile,
zikaganda hivyo."

Miezi baadaye akapiga simu:
mshale wa ndani unatazama kusini.
Dunia iligeuza dira yake, jiwe halikugeuka;
kwa ukaidi huo wameukadiria umri wake.

Mimi mama alinizaa mwaka wa nzige.
Ofisini Tukuyu walinikisia tarehe,
wakagonga muhuri.

Jana nilishuka mtoni, nikaligusa lile tundu,
limejaa mvua.
Nikaliambia jiwe:
shikamoo.