Daftari la Vipimo

Ukurasa wa kwanza, Februari tisini na tatu:
kiuno sitini na moja, nyonga themanini na nane,
mguu mrefu kuliko deni.
Jina: Emőke. Kazi: kwa sasa, hana.
Kiwanda cha chuma kilikuwa kimezima tanuri mbili
na nusu ya Miskolc ilikaa jikoni ikitazama sahani.
Alikuja na Tihamér, mwenye kinanda cha mkopo
na nywele zilizosimama kama zimepokea habari mbaya.
"Tunataka kung'aa," akasema, "ila hatuna pesa ya kung'aa."
Nilikuwa na kitambaa cha fedha cha kufungia mabomba ya mvuke;
mume wangu alikitoa kiwandani siku ya mwisho, chini ya koti.
Nikakata suruali.

Hivyo ndivyo Szikra ilivyowaka:
mashine ya ngoma, wavulana wawili wa kuruka,
na yeye katikati, amevaa bomba.

Ijumaa, dari la ukumbi wa wachimba madini lilitoka jasho.
Wimbo wao ulihusu simu isiyopokelewa,
maneno kumi na mawili, kumi kati yake "haloo".
Wenye akili zao walicheka.
Mimi niliwaona wake za mafundi wa tanuri
wakiimba haloo, haloo, macho wameyafumba,
kana kwamba upande wa pili yuko mtu.

Tisini na nne: kiuno hamsini na nane.
Tufaha moja kwa siku, usingizi garini.
Košice, Szeged, ziwa Balaton kiangazi kizima.
Nilishona gari likienda, tochi mdomoni,
na mara moja nilimshonea suruali mwilini, zipu imekufa,
dakika nne kabla ya taa.

Runinga ya Budapest ikamwambia: fumbua mdomo tu, kanda itaimba.
Nguo ya kuazima haisitiri maungo,
sembuse sauti,
hata kama ni yako mwenyewe ya mwezi uliopita.
Katikati ya kiitikio akafunga mdomo, akatabasamu,
na sauti yake ikaendelea bila yeye.
Hawakuitwa tena.

Tisini na sita. Ukurasa huu niliuandika kwa penseli:
sabini, sabini na nne, sabini na tisa.
Kampuni isijue.
Nikamshushia manyoya kutoka shingoni hadi magotini;
magazeti yakaandika: mtindo mpya!
Mtoto alizaliwa Oktoba.
Tihamér alikuwa Vienna, akitunga muziki wa sekunde nane
wa kuuzia sabuni.

Kisha kurasa tupu. Nilishona mapazia.
Ukumbi ukawa duka la vigae,
mabafu ya maonyesho yamepangwa pale walipokuwa wakiruka.
Emőke alikata tiketi kituo cha reli,
na abiria waliinama kwenye tundu la kioo
wakimwambia, haloo.

Wiki iliyopita akabisha.
Sherehe ya mji, watu wa rika letu, malipo si haba.
Kiuno tisini na mbili.
"Usinitajie," akasema. Sikumtajia.
Suruali ni ileile. Nimeongeza kipande ubavuni,
kitambaa cha fedha cha siku hizi,
chepesi, hakina harufu ya mvuke.

Kuna kipimo sijawahi kumwonyesha mtu:
kifua akishusha pumzi, kifua akivuta.
Tofauti yake, mwaka ule wa kwanza, sentimita tisa.
Tisa sijaiona kwingine,
hata kwa wapiga tarumbeta wa zimamoto.
"Vuta," nikamwambia.
Akavuta, mpaka mishipa ya shingo ikasimama.
Futi ikagota saba na nusu.
"Ngapi?"
Nikalamba ncha ya penseli.
Nikaandika tisa.