Waridi Ndani ya Kichupa

Saa kumi na mbili alfajiri, theluji haijakanyagwa bado,
nafungua kibanda cha pampu kwa bega,
maana kitasa kimeganda.
Ndani: balbu moja, kalenda ya mwaka juzi,
na mtungi wa klorini unaodondosha, tone, tone,
kama karani anayehesabu fedha zisizo zake.

Maji ya ziwa Gullen yanaingia na rangi ya chai ya rangi.
Misonobari imelowa humo tangu kabla ya mji huu kuwa na jina.
Nateremka hadi nyumba ya mwisho, kwa Hynes,
nakinga kichupa, natia kidonge, natikisa.
Yakigeuka waridi, klorini imefika mwisho wa bomba.
Yasipogeuka, narudi juu kilimani
na chai yangu inangoja.

Usiku wa baridi kali kila nyumba huacha mfereji
utiririke uzi mwembamba, bomba lisipasuke.
Siwalaumu. Lakini maji yanakimbia,
na dawa haikimbii kwa kasi hiyo.

Leo: sifuri nukta mbili. Waridi hafifu,
kama shavu la mtu aliyedanganya kidogo.
Naandika saa, kipimo, jina: Philomena Pardy.
Wakubwa kule St. John's hulitaka daftari kila mwezi.
Hawajauliza kwa nini naandika kwa penseli.
Wino huganda.

Posta kuna tangazo: CHEMSHA MAJI DAKIKA MOJA.
Miaka kumi na moja sasa. Karatasi imeshika rangi ya maji yenyewe.
Kuna watoto waliojifunzia kusoma pale,
wakingoja mama zao wanunue stempu.

Kwenye kikao cha baraza, bei ya chujio jipya ilisomwa
mara mbili, tukidhani karani amekosea sifuri.
Ukiuza mji mzima na kanisa juu yake, hazitoshi.
Eldred Stuckless akasimama: "Klorini inanuka.
Baba zetu walikunywa bila dawa, na tazameni, tuko hai."
Nikawatazama walio hai.
Wasio hai hawahudhurii vikao.

Basi watu huenda na ndoo zao nyeupe
kwenye chemchemi ya kando ya barabara,
kwenye bomba ambalo baba yangu, Leander,
alilipigilia kwenye mwamba kabla sijazaliwa.
Maji maangavu, baridi mpaka fizi zinalalamika,
hayanuki dawa, hayanuki serikali.
Nimelelewa nayo. Nayapenda hadi leo,
na hilo silo swali ninalolipwa kulijibu.

Agosti iliyopita watoto wa Keeping waliharisha wote watatu.
Mdogo akapelekwa hospitali usiku,
kilomita tisini, baba akiendesha, mama akimhesabia pumzi.
Nikachukua sampuli kila mahali.
Mfereji wa kwa Hynes: safi.
Mfereji wa shule: safi.
Bomba la baba: bakteria wa kinyesi.
Nikapima tena. Nikapima tena.

Nilipokwenda kusimika bango, mama alikuwa garini,
ndoo tupu mapajani, kifuniko mkononi.
Hakushuka. Nilipigilia nyundo nikimpa mgongo.
Nilipoingia akauliza, "Mara ngapi?"
"Mara tatu."
Akakifunika kifuniko juu ya ndoo tupu,
akakibana pembe zote, kama kuna kitu ndani.

Nyumbani akafungua mfereji wa jikoni, akainama, akanusa.
Akachemsha, dakika moja kwa saa ya ukutani,
akamimina vikombe viwili.
"Yananuka," akasema.
"Ndiyo, mama. Hiyo harufu ni mimi."
Akanywa nusu.

Eldred ameling'oa bango mara mbili.
La tatu nimelipigilia kwa misumari ya baba,
ile mirefu ya kuezekea
iliyobaki kwenye kopo.