Nafasi Ipo

Cirhuza alitaka gari la kwenda shamba.
Mimi nilitaka gari la kwenda misa.
Tuligombana toka Nyawera hadi Panzi,
kwa miguu, mvua ikitusikiliza.

Sasa lipo uani, la kijivu, matope hadi vioo:
mbele ni gari la mama mwenye visigino,
nyuma ni karai la chuma,
fupi kama mkia wa mbuzi.

Jumamosi tunakwenda Mudaka.
Gunia la fufu, mkungu, sambaza wa jana,
vyote nyuma, vikapigane na upepo.
Watoto ndani, mikanda kifuani,
Ombeni kalala mdomo wazi begani kwa dada yake
na kola yake nyeupe hainuki samaki.
Ungejua miaka mingapi nimeimba Kirie
nikinuka samaki!

Kwenye mashimo ya Kadutu halituvunji viuno
kama lile la kazini kwake.
Mlangoni pa shule linapenya bila kuomba radhi.
Haya yote nayasifu.

Ila kile kigari chetu cha kwanza
kilikuwa na wema wake:
jirani akija na godoro, nilifungua viganja,
«Mama Nsimire, nafasi haipo.»

Juzi, saa tisa usiku, kagonga.
Binti yake mwenye uchungu tukamweka ndani, kiti nimekilaza.
Godoro, beseni, shangazi wawili, mwavuli mmoja:
nyuma.
Cirhuza akaendesha kama aliyebeba mayai.

Karai lile halijui kudanganya.
Asubuhi nililiosha mwenyewe.