Samaki Bafuni

Siku ya tisa samaki wanaishi bafuni
nasi tunaoga kwa Bi Zdeňka, ghorofa ya nne.
Huku Ostrava samaki wa bafuni ni wa Krismasi:
hukaa siku tatu, kisha sahani.
Sasa ni Februari. Bi Zdeňka ananikabidhi taulo,
anauliza, "Na hao utawakaanga lini?"

Tangi lilikuwa la kaka yangu Vojta.
Lita mia mbili arobaini, alilibandika mwenyewe
mwaka ule mgodi wake ulipofungwa
na wanaume wa mtaa huu wakajifunza kukaa nyumbani.
Hakuandika wosia. Aliacha tangi,
na chini yake doa kwenye zulia,
kwanza kama sarafu,
kisha kama kisosi.

Nilianza kivivu: silikoni mpya juu ya kuukuu.
Ikakauka, ikang'aa, ikavuja.
Řehoř muuza vioo hata macho hakuinua:
"Mpya haishiki juu ya kuukuu. Toa yote, mama.
Yote. Mpaka kioo kibaki uchi."

Ziba ufa, tunaambiwa.
Hatuambiwi kwamba kwanza unabomoa.

Basi wembe, asetoni, dirisha wazi,
baridi ikiingia kama mgeni asiyevua viatu.
Ute mweusi ulitoka utepe kwa utepe
mpaka kona ya nyuma, kushoto, chini,
pale nilipokuta kidole gumba cha Vojta
kimezama kwenye silikoni, mistari yote,
wazi kama muhuri wa posta.

Alikandamiza hapo kwa haraka,
au akiita mtu aje amshikie kioo.
Nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa chumba cha pili.
Nilikuwa napaka rangi kucha.

Chai yangu ilipoa nikikitazama.
Na maji, bila shaka, yalikuwa yakipita hapo hapo,
kando ya ukucha,
miaka yote hiyo.

Nikakata.

Kisha tepu kila upande, mkono usiotetemeka,
mume wangu akishika kioo cha mbele bila kupumua,
nami nikipitisha kidole chenye sabuni konani,
mara moja tu, polepole,
nisiache alama.
Juma zima nyumba ilinuka siki,
tukala mkate wetu kana kwamba
tumo ndani ya pipa la kabichi chachu.

Leo nimelijaza. Chini nimetandaza magazeti,
kurasa za matangazo ya vifo, ndizo pana.
Saa nane usiku: pakavu.
Saa kumi: pakavu.
Alfajiri narudi kutoka kuoga, napiga magoti,
na hapo, juu ya jina la bwana mmoja wa Karviná,
tone.

Sikupumua. Nikagusa kona. Kavu.
Nikagusa ukingo wa chini. Mkavu.
Likaanguka la pili mbele ya macho yangu,
nikalifuata kwa kidole kuelekea juu,
juu zaidi,
mpaka kwenye nywele zangu.