Rafu ya Tatu

Chumba ni futi kumi kwa kumi na moja,
na hiyo moja imeliwa na mlango.
Ronda, ploti ya nyuma, namba sita,
dirisha moja linalotazama tangi la maji
na kamba ya nguo za watu.

Miaka ishirini na mitatu nilihesabu magunia ya pareto kiwandani.
Jioni nikitoka, mkononi mkate
na kitabu cha shilingi hamsini cha kando ya barabara,
kilichopoteza jalada, wakati mwingine na mwisho pia.
Vikakaa maguniani, vikakaa chini ya kitanda.
Panya wakavisoma kabla yangu,
wakaanzia nyuma, kama wasomaji wasio na subira.

Basi nikasema: kabati.

Mnadani palikuwa na moja la vioo, la ofisi,
futi saba, lina ufunguo na majivuno.
Nililipenda jinsi mtu anavyopenda suti ya mwenzake.
Lakini korido yetu ina kona, na kona haina huruma.
La chuma lilikuwa nafuu; nikaligonga kwa kidole,
likajibu kama sufuria tupu. Nikaenda zangu.

Fundi Kirubi, ananukia saipresi ya Elburgon,
akaniuliza, "Vitabu vingapi?"
Labda magunia manne, nikamwambia.
"Unapima kwa gunia, ni viazi?"
Akavuta futi yake, akaandika kwa penseli kiganjani.
"Mgongo wa kabati ni mia nane zaidi."
Acha, nikasema, ukuta utakuwa mgongo.

Usiku nikakata magazeti kwa ukubwa wa kabati,
nikayatandaza sakafuni, nikayahamisha, nikayarudisha.
Nikawa naruka kabati ambalo halijazaliwa
kwenda kuzima taa.
Kando ya dirisha? Jua lingechujua majalada.
Nyuma ya mlango? Ungebaki upenyo mwembamba,
na mimi si mwembamba.
Ukabaki ukuta mmoja tu, wa shirika:
mimi upande huu, upande ule Bi Nasambu
na cherehani yake.

Niseme kweli, cherehani hiyo nimeitukana.
Kila Januari sare za shule, hadi saa nane za usiku:
tak-tak-tak, kimya cha kugeuza kola, tak-tak.
Kati yetu tofali moja na plasta ya haraka.
Vitabu vitanyonya kelele, nikajiambia,
na hilo sikumwambia Kirubi.

Kabati likafika Jumamosi, rafu tano.
Chini nikaweka vizito, juu kabisa vilivyotafunwa, visionekane.
Rafu ya tatu, usawa wa mto wangu nikilala,
nikaviweka vile ninavyovirudia,
kamusi kubwa katikati kama chifu barazani.
Vumbi la Nakuru halikungoja;
kufikia alasiri lilikuwa limeshatia sahihi.

Usiku huo nikalala ndani ya ukimya niliouagiza mwenyewe.
Saa tano.
Saa sita.
Januari hii, na sisikii sare.
Anaumwa? Amehama? Stima imemkatikia yeye peke yake?
Nikawasha taa, nikatoa kamusi,
nikatoa na jirani zake wawili,
nikaingiza kichwa rafuni kama mwizi wa kuku.
Ikaja, ya mbali, imefunikwa:
tak-tak-tak. Kimya cha kola. Tak-tak.

Kamusi sasa inalala kwenye stuli,
naitegeshea kikombe, Mungu anisamehe.

Mwisho wa mwezi Kirubi akaja kudai mia nne zake,
akaliona pengo.
"Hapo unangoja kitabu gani?"
Nikamhesabia pesa. Hapo pamejaa, nikamwambia.
Akapapasa ubao, akatoa nyundo,
akaurudisha ndani msumari mmoja uliotokeza.
Upande wa pili cherehani ikanyamaza kidogo,
kisha ikaendelea.