Leja ya Tumbo

Kwanza nilijaribu ile ya simu, yenye nembo ya tufaha la kijani.
Ikaniuliza: umekula nini leo?
Nikaandika: uji wa wimbi, vijiko vinne, umechujwa.
Ikasema haijui wimbi ni nini.
Ikanipendekezea samaki wa bahari fulani ya baridi
ambaye hata Gikomba, kule kwenye samaki, hawamjui jina.

Ya pili ilikuwa na kengele.
Kila baada ya saa mbili inalia, kama mwenye nyumba tarehe tano:
Maji! Umekunywa maji?
Niko mbele ya mteja nahesabu boliti,
mfuko wa shati unapiga kelele.
Ilinipa nyota tano siku niliyotapika.
Nikaifuta.

Daktari wa Upper Hill alikuwa amenichorea nyuma ya bahasha:
hili lilikuwa tumbo lako, kiroba;
hili ndilo la sasa, ndizi moja, tena si mkono wa tembo.
Andika kila kitu, Bwana Nandwa.
Pa kuandikia chagua mwenyewe,
ila awepo mtu wa kusoma.

Awepo mtu.
Nililala na neno hilo Donholm,
mto nimeubana tumboni kila nikikohoa,
nikiwaza ni nani atakayetaka kusoma
supu, maji, supu, supu.
Nafula hawezi. Akiona kijiko kimerudi kimejaa
anageukia ukuta.
Wenzangu kazini walikiita kitambi changu benki;
sasa wananiuliza kama benki imefilisika.

Miaka kumi na tisa nimeshika stoo Barabara ya Kirinyaga:
beringi, mikanda, grisi ya kopo.
Najua kitabu kimoja:
leja ndefu, jalada jeusi, mgongo wa kitambaa chekundu.
Kilichoingia. Kilichotoka. Baki.
Nikanunua mpya. Mahali pa jina la bidhaa
nikaandika langu.

Tarehe sita. Uji wa wimbi, vijiko vinne: umeingia.
Mchuzi wa omena, umesagwa, vijiko viwili: umeingia, kwa kusitasita.
Yai, nusu: limetoka.
Ugali —
hapo nikaacha mstari mtupu,
kama watu wanavyoacha kiti mezani.

Msomaji wangu ni Kerubo, mwalimu wa hesabu.
Tulikutana kwenye benchi la kusubiri mizani,
kila mmoja akijifanya amemleta mgonjwa.
Saa tatu usiku napiga picha ukurasa, namtumia.
Naye hunitumia wake: daftari la shule,
lenye jedwali la kuzidisha mgongoni.
Hasemi hongera. Husema: protini iko wapi?
Siku moja akaandika: nywele zangu zinang'oka, Nandwa. Zako?
Mimi nina kipara.
Tulicheka mpaka mshono ukanikataza.

Halafu ikaja Jumamosi ya mahari, Ruai, binti wa dada yangu.
Shangazi zangu wakanishushia sinia.
Mwanamume wa kwetu hautazami ugali
kama picha iliyotundikwa.

Jumapili nikatuma ukurasa. Kerubo akajibu:
Ijumaa naiona. Jumapili naiona.
Jumamosi imeibwa na nani?

Stoo hatufuti. Wala hatuchani karatasi.
Ukikosea unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka,
unatia sahihi pembeni.
Nikatafuta kalamu nyekundu.
Ugali, matonge matatu. Kuku, paja. Aibu, haina kipimo.
Vyote vimetoka, nyuma ya hema,
nimelikumbatia tangi la maji, jasho likinitoka kama mwizi.
Baki:

Nilikaa na safu hiyo ya mwisho.
Jikoni Nafula alikuwa anakwangua ukoko, polepole,
ili nisisikie.
Nikaandika: mtu mmoja, kilo mia na kumi na nane.
Nikatuma.

Simu ikanyamaza muda mrefu.
Kisha ikatetemeka juu ya meza:
Nimeona.
Mimi Jumanne niliandika chai.
Yalikuwa maandazi.